Je, ni haki kubadilisha mkuu wa shule wiki chache kabla ya mwaka kufungwa?

Mzazi wa watahiniwa wawili

Ndugu wazazi, walimu na wahitimu, naomba tulijadili jambo hili kwa uwazi. Mkuu wetu wa shule anahamishiwa kituo kingine, na mkuu mpya ataripoti kabla muhula wa mwisho haujakwisha, watahiniwa wakiwa bado hawajaingia katika chumba cha mtihani. Simpingi anayeondoka wala anayekuja. Ninachopinga ni wakati uliochaguliwa. Mkuu anayeondoka ndiye anayejua ni mtahiniwa gani amefiwa na mzazi mwaka huu, ni familia gani iliruhusiwa kulipa karo kwa mafungu, na ni mwalimu gani amebebeshwa vipindi vya mwenzake aliye likizo ya uzazi. Kwa nini tusingoje mwaka ufungwe, ripoti zitiwe saini na mtu aliyewaona watoto hawa tangu muhula wa kwanza, ndipo ofisi ikabidhiwe?

Mjumbe wa bodi

Nasema kwa niaba yangu binafsi, si kwa niaba ya bodi. Uhamisho hupangwa kwa kuangalia shule kadhaa kwa pamoja: mkuu mmoja akihama, nafasi aliyoiacha lazima ijazwe, na aliyeijaza ameacha nyingine wazi nyuma yake. Tarehe isiyomuumiza mtu yeyote haipo. Tena mkuu akianza siku ya kwanza ya mwaka mpya, hukuta ratiba imekwisha kupangwa, bajeti imepitishwa na vipindi vimegawanywa na mtu ambaye hatakuwapo kuwajibika. Akija sasa, atawaona walimu wakifanya kazi, atashiriki kupanga mwaka ujao, na makosa yatakayotokea yatakuwa yake.

Niruhusuni niongeze jambo moja. Wengi wa wanaolalamika leo hatujawahi kuwaona katika vikao vya wazazi. Katika kikao kilichopita viti vilikuwa vingi kuliko watu.

Mama wa zamu ya usiku

Mheshimiwa mjumbe, maneno yako ya mwisho yameniumiza, na sitayaacha yapite. Vikao hivyo huitishwa asubuhi ya siku ya kazi, na barua ya mwaliko hutumwa kwa mkono wa mtoto, mara nyingi siku moja tu kabla. Mimi hutoka kazini alfajiri. Wazazi wa aina yangu si wachache, na kutokuwapo kwetu hakumaanishi kwamba hatujali. Daftari za mwanangu nazikagua kila ninapoamka. Ukihesabu viti vitupu, hesabu pia saa iliyoandikwa kwenye mwaliko.

Baba asiyekosa vikao

Dada yangu, pole kwa zamu za usiku, lakini na sisi tunaohudhuria tunaomba ruhusa kazini, na wengine hukatwa mshahara. Hoja ya kubadilisha saa za vikao imekuwa kwenye ajenda, na siku ilipojadiliwa tulikuwapo watu wa kujaza benchi mbili. Mtu akikosa kikao cha kupanga saa ya kikao, nani atamsemea?

Mama wa zamu ya usiku

Kikao hicho kilifanyika saa ngapi, kaka yangu? Umeuliza nani atanisemea, nami nakujibu kwamba ningeweza kujisemea mwenyewe kwa maandishi kama nafasi hiyo ingekuwapo. Haikuwapo.

Mhitimu anayefundisha chuoni

Ningependa kuturudisha kwenye swali lenyewe, kwa sababu lina ushahidi. Mwaka 2021 taasisi ya Wallace Foundation ya Marekani ilichapisha mapitio ya tafiti za miaka ishirini kuhusu wakuu wa shule. Kama nakumbuka vyema, shule ya msingi inayotoka kwa mkuu aliye chini ya wastani na kupata aliye juu ya wastani huwapa wanafunzi faida inayokaribia miezi mitatu ya masomo kwa mwaka, katika hisabati na katika kusoma. Mapitio hayo yanaonyesha pia kwamba kubadilishwa kwa mkuu, kwa ujumla, huambatana na kushuka kwa matokeo na walimu wengi zaidi kuondoka. Kabla ya hapo, mwaka 2004, Kenneth Leithwood na wenzake walihitimisha kwamba, miongoni mwa mambo ya shuleni yanayoathiri ujifunzaji, uongozi ni wa pili baada ya ufundishaji wa darasani. Kwa hiyo hofu ya mzazi aliyefungua mjadala si ya kupuuzwa.

Mwalimu wa hisabati

Nimesoma maneno hayo mara mbili, hasa pale panaposema uongozi ni wa pili. Wa kwanza ni nani, basi? Ni sisi tulio darasani, nasi ndio tuliosikia habari za uhamisho huu kutoka kwa wanafunzi. Niliulizwa mbele ya darasa kama ni kweli mkuu anaondoka, na sikuwa na jibu. Taarifa rasmi ilifika katika chumba cha walimu baadaye, ikiwa karatasi moja ubaoni. Mnabishana kuhusu tarehe na kuhusu viti, na hakuna aliyeuliza kama walimu waliandaliwa. Watahiniwa hawatatikiswa na jina jipya mlangoni mwa ofisi. Watatikiswa wakiona walimu wao wenyewe wamechanganyikiwa.

Nami namjibu mhitimu wetu kwa heshima: tafiti hizo zinazungumzia miaka, na sisi tumebakiwa na wiki. Hakuna mkuu, awe hodari au dhaifu, atakayebadilisha uelewa wa mtahiniwa wangu kuhusu milinganyo katika muda huo. Anachoweza kufanya ni kutuvuruga au kutuacha tufanye kazi.

Mkuu wa shule mstaafu

Nimepokea ofisi na nimekabidhi ofisi, kwa hiyo nitasema ninachokijua. Mzazi aliyeanzisha mjadala anaamini kwamba hatari iko kwenye tarehe. Mimi naona hatari iko kwenye sentensi yake mwenyewe kuhusu mambo anayoyajua mkuu anayeondoka. Ikiwa yanajulikana na mtu mmoja tu, basi shule ilikuwa hatarini tangu zamani, kwa sababu mtu huyo angeweza kuugua siku yoyote.

Makabidhiano ya kweli hayaishii kwenye funguo na mihuri. Kuna orodha ya mali na madeni, na kuna akaunti za benki ambazo watia saini wake lazima wabadilishwe, la sivyo shule itashindwa hata kununua karatasi za mtihani. Kuna orodha ya watahiniwa, ambayo mkuu mpya anapaswa kuipitia jina kwa jina pamoja na mwalimu wa mitihani, kwa kuwa jina lililokosewa likigunduliwa asubuhi ya mtihani huwa limechelewa. Kuna mashauri ya nidhamu ambayo hayajaamuliwa, na ni vibaya sana mwanafunzi kusikilizwa na mkuu mmoja kisha kuhukumiwa na mwingine asiyesikia utetezi wake. Kuna wanafunzi wanaohitaji muda wa ziada au msaidizi katika chumba cha mtihani. Mwisho kuna ahadi za mdomo, na hizo ndizo huzaa ugomvi mwingi kuliko yote niliyoyataja, kwa sababu aliyeahidi hayupo na aliyeahidiwa hana karatasi.

Kazi hii ikifanywa vizuri, wakuu wawili wakikaa pamoja kwa siku kadhaa na naibu mkuu akiwapo, tarehe yoyote inavumilika. Isipofanywa, hata mkingoja mwaka ufungwe, watoto wataumia muhula wa kwanza badala ya huu.

Mzazi wa watahiniwa wawili

Mzee wangu, nakuheshimu, lakini umemgeuza mtu aliyetunza siri za familia zetu kuwa mzembe asiyeandika. Mimi ni mmoja wa walioruhusiwa kulipa karo kwa mafungu. Nilipokwenda kumweleza hali yangu, nilimwomba isiandikwe popote, kwa sababu watoto wangu wanasoma na watoto wa makarani. Alikubali, na alilinda heshima yangu mwaka mzima. Sasa niambieni, nianze kuieleza aibu ile upya kwa mtu nisiyemjua, katika wiki ambayo wanangu wanajiandaa kwa mtihani? Na kama mkuu mpya hakuniamini na akawarudisha nyumbani, nani atawafidia siku watakazokosa?

Mkuu wa shule mstaafu

Mwanangu, sikumtukana mtu, na nasikitika kama maneno yangu yamekugusa hivyo. Hata hivyo siri na maandishi havipingani. Makubaliano huandikwa kwenye karatasi moja, hutiwa saini na pande mbili, na hufungiwa katika kabati la mkuu bila karani kuiona, na nakala moja hubaki kwako. Ukimwendea leo, akiwa bado ofisini, atakuandikia. Akishaondoka, barua yake itakuwa na uzito mdogo.

Mjumbe wa bodi

Nimewasoma wote. Kuhusu vikao, sikukusudia kumdharau mzazi yeyote, na nitapendekeza kikao cha kumkaribisha mkuu mpya kifanyike Jumamosi alasiri. Kuhusu hati ya makabidhiano, sidhani kama ni ya kusomwa mbele ya wazazi, kwa sababu zilezile za siri zilizotajwa hapa.

Mama wa zamu ya usiku

Jumamosi alasiri nitakuja. Hatuombi kusomewa majina ya watu, ndugu mjumbe. Tunaomba bodi iandike kwamba makubaliano yote ya karo yaliyofanywa na mkuu anayeondoka yataheshimiwa hadi mtihani wa mwisho umalizike, na kwamba hakuna mtahiniwa atakayerudishwa nyumbani katika kipindi hicho. Hilo halihitaji kikao cha wazazi. Linahitaji saini ya mwenyekiti wenu.

Mwalimu wa hisabati

Naunga mkono, na naomba iongezwe kwamba ratiba ya marudio haitabadilishwa kabla ya mtihani.

Baba asiyekosa vikao

Mwenyekiti yuko safarini hadi wiki ijayo. Naibu wake anaweza kutia saini, ikiwa kuna atakayempelekea barua kesho. Mimi niko tayari kuipeleka, mkiiandika usiku huu.