Ati "kwa usalama wako"! Wale wa kufuli wametuona wajinga

MwanaMvita
Tangazo limeingia usiku huu na nyote mmeliona. Siwataji, mnawajua. Siku 14 programu yao ya jumbe inafungwa, na ukibonyeza kitufe cha kuhamisha data unapewa faili la zip lenye majina ya watu na tarehe. Ujumbe hata mmoja hamna. Chini wakaandika: "Jumbe hazikujumuishwa, kwa usalama wako."

Kwa usalama wangu! Jumbe ziko kwenye simu yangu, zimefungwa kwa ufunguo ulio kwenye simu yangu, halafu nisizitoe kwa usalama wangu? Mwenye nyumba kakufukuza, masanduku kayazuia ndani, mkononi kakutia karatasi yenye majina ya majirani!

Na mtu asije kuniambia usimbaji fiche, yaani kule kuzifunga jumbe kwa ufunguo, umevunjwa. Haukuvunjwa, na ndiyo inayoniuma. Hesabu za ule ufunguo zingeikuta Fort Jesus imekuwa mchanga. Kinachooza ni mwenye seva, zile kompyuta zinazopitisha jumbe. Wickr, programu ya jumbe kama hiyo, ilinunuliwa na Amazon 2021, na Wickr Me ya bure ikazimwa 31 Desemba 2023. Keybase, ya jumbe pia, ilichukuliwa na Zoom Mei 2020. Skiff ya barua pepe ikachukuliwa na Notion Februari 2024, wenye barua pepe wakapewa miezi sita na njia ya kutoa barua zao. Njia ya kutoa! Si faili la majina na maneno "kwa usalama wako"!

KasaMweupe
Kelele zote hizi kama umenyang'anywa dau. Ulilipa shilingi ngapi? Signal, nao wa jumbe za kufuli, walisema wazi Novemba 2023 kwamba ikifika 2025 watahitaji kama dola milioni 50 kwa mwaka, na SMS za kuthibitisha namba peke yake zinakula karibu milioni 6. Hao wako bili yao alikuwa akilipa nani? Hukuuliza, sasa unapiga mayowe.

MwanaMvita
Bili sikatai. Wafunge hata leo. Nauliza faili la zip. NANI aliketi akaandika "kwa usalama wako"?

FundiTononoka
Mayowe baadaye, kwanza okoeni vitu. Msiifute programu, na msiguse kile kitufe cha "futa data". Ufunguo wa kufungulia hifadhidata umewekwa kwenye hifadhi salama ya simu. Kwenye Android, ukiifuta programu, ufunguo unakwenda nayo, na faili utakalokuwa umelinakili halitafunguka tena. Kufomati simu ni vilevile.

Picha na hati zihifadhini kwenye simu moja moja, stakabadhi na makubaliano ya pesa mbele. Maandishi, pigeni picha ya skrini. Ikitoka nyeusi, ingieni mipangilio ya faragha mzime usalama wa skrini. Kama swichi hiyo haipo, simu ya pili na mkono usiotetemeka. Ni kazi ya siku mbili, tatu. Mkimaliza toeni nakala mbili, moja isikae kwenye simu ile ile.

Na mnaokimbilia WhatsApp: bakapu ya kwenye Google Drive haifungwi mpaka muiwashie kufuli wenyewe. Tangu 2021 ipo, kwa nenosiri au ufunguo wa herufi na tarakimu 64. Ukipotea, hakuna wa kukufungulia.

Shaibu_wa_Bahari
Ndiyo maana mimi ni Telegram tu.

BiKibokoni
Yakhe, Telegram gani? Mazungumzo ya kawaida kule yanakaa kwenye seva zao na funguo wanazo wao. Faragha kamili mpaka ufungue mazungumzo ya siri, ya watu wawili tu. Kundi halina kabisa. Na Septemba 2024, mwezi mmoja baada ya Durov, mwenye Telegram, kukamatwa Ufaransa, masharti yakabadilishwa: amri halali ikija, namba ya simu na anwani ya IP (ya kifaa chako mtandaoni) vinaweza kutolewa.

Kibarua254
Mnalilia jumbe, mimi nalilia laini! Namba ikikaa kimya miezi kadhaa inarudishwa sokoni, mtu anainunua Marikiti, anajisajili Signal kwa namba yako. Kufuli la usajili kwa PIN linakulinda, lakini akaunti ikikaa siku 7 bila kutumika linaachia. Jumbe za zamani hazioni, sawa. Lakini wenzako wanaletewa taarifa kwamba namba ya usalama, ile ya kuhakikisha kuwa ni wewe, imebadilika na hakuna anayeisoma, wanaendelea kumwaga siri kwa mgeni. Hilo ndilo la kufungulia uzi!

MwanaMvita
Fungua wako. Huu ni wa faili la zip. Majina na tarehe! Kwa usalama wangu!

BiKibokoni
Afadhali hao wanaofunga. Makundi ya harusi ya WhatsApp je? Sauti za dakika tisa, picha za Ijumaa Mubarak mia mbili, simu ya GB 32 imejaa hata kuapdeti haiwezi.

FundiTononoka
Mipangilio ya WhatsApp, kisha Hifadhi na data, kwenye upakuaji otomatiki ondoa alama zote. Za zamani hamishia kwenye kadi ya memori.

Kibarua254
Kadi zipi? Zile zilizoandikwa GB 512 za shilingi mia nne? Wezi wakubwa!

FundiTononoka
Hizo ndani zaweza kuwa GB 8. Chipu imedanganywa iseme 512, ikijaa inaandika juu ya picha za mwanzo na wewe hujui. Kabla ya kutia chochote, ijaze kwa H2testw, programu ya kupimia kadi, ukiwa na Windows. Linux tumia f3write, halafu f3read. Isiporudisha kila kilichoandikwa, irudishe dukani siku hiyo hiyo.

Shaibu_wa_Bahari
Yangu inasema GB 256 lakini video zote za mwaka jana hazifunguki. Ndiyo hiyo?

FundiTononoka
Ndiyo hiyo. Usiandike kitu kingine juu yake. Leta picha ya kadi pande zote mbili.

MwanaMvita
Jamani, ile zip!

Shaibu_wa_Bahari
Hii hapa upande wa mbele. Wa nyuma maandishi yamefutika.