Merigodi zimeshamiri majani, maua hakuna. Naombeni ushauri

Mpanda_Dole: Assalaam alaykum. Nimepanda merigodi, yale maua ya manjano na ya rangi ya chungwa yanayotungwa mashada ya Diwali. Miche imenifika kiunoni, majani yamekoza kijani, lakini hata tumba sioni. Jua linapiga kutwa, maji natia. Nishapokea arubuni ya mteja wa Mjini, roho haitulii. Nitie mbolea gani yachanue upesi?

Bi_Asumini: Mwanangu, si ungepanda asumini? Marehemu mama alikuwa na mmoja uani Makunduchi, vikuba vya maharusi wote wa pale vikitoka kwake. Hayo merigodi yananuka dawa.

Ustadhi_Kikwajuni: Mie shaka yangu hiyo arubuni. Ikiwa hairudi, kwa madhehebu ya Shafii haisihi. Ukitaka kuuza kisichokuwepo kuna mkataba wa salam, na bei yote hulipwa mwanzo.

Yakhe_Wete: Umeshatia mbolea gani?

Mpanda_Dole: Ya kawaida tu.

Yakhe_Wete: Kawaida ndiyo nini, yakhe? Na kiasi gani?

Mpanda_Dole: Samadi ya kuku kupandia. Halafu urea, gao moja kila shina, kila wiki. Msinishambulie, ardhi yangu kichanga, mvua ikinyesha yote inazama. Na mchicha nautia hivyo hivyo, unapendeza.

Yakhe_Wete: Mchicha unaula majani! Urea ina naitrojeni asilimia 46, fosforasi hamna, potasiamu hamna. Na samadi ya kuku nayo kali kwa naitrojeni. Mmea ukishiba hivyo unarefuka na kutoa majani tu, kuchanua unachelewa. Shina linakuwa laini, upepo unalilaza, vidukari wanajaa. Kichanga kinavujisha kweli, ndiyo maana mbolea hutiwa kidogo kidogo. Acha urea. Msimu ujao pandia mboji iliyooza na DAP kidogo, ile mbolea yenye fosforasi nyingi, kisha NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) ya uwiano sawa, kizibo cha soda kila mche, isiguse shina.

Mpanda_Dole: Mbona jamaa mmoja mtaalamu kaniambia busta ya maua, ile ya kupuliza mmea uchanue, inamaliza kazi? Nishaagiza.

Papasi_Chwaka: Ehee, ndiyo nilikuwa naingojea hiyo! Akaunti ya jana, leo busta, kesho namba ya simu. Merigodi ya kiunoni isiwe na tumba hata moja? Hadithi hiyo. Leta picha.

Bi_Asumini: Mie nilihisi tokea mwanzo.

Mpanda_Dole: Wallahi siuzi kitu. Picha hiyo hapo.

Yakhe_Wete: Nyuma ya miche ile nguzo ya taa? Inawaka usiku kucha?

Mpanda_Dole: Ndiyo, ya ulinzi. Taa inahusu nini na mbolea?

Yakhe_Wete: Merigodi hizi ndefu zinachanua haraka siku zikiwa fupi. Wewe usiku umeugeuza mchana, na urea juu yake!

Mpanda_Dole: Taa siizimi. Wezi wengi huku.

Papasi_Chwaka: Waibe nini, majani?

Mpanda_Dole: Haya, ntaigeuza itazame njiani. Urea nimeacha. Ila busta nishailipia, inakuja na boti kesho. Nikipuliza nusu?

Ustadhi_Kikwajuni: Na arubuni ya watu?