Waliokuwa na mgonjwa wa saratani wakati wa Korona, tupeane uzoefu

BintiLikoni:
Assalam aleykum ndugu zangu. Mama yangu alipatikana na saratani ya shingo ya kizazi Februari 2020. Daktari akasema haijasambaa, apigwe mionzi upesi. Siku hizo sisi watu wa Pwani mionzi ya serikali tulikuwa tukiifuata Nairobi, akapewa tarehe 15 Aprili. Tarehe 6 Nairobi ikafungwa, tarehe 8 Mombasa, Kilifi na Kwale zikafuata. Mkoba wake ulikuwa tayari, leso mbili na bahasha ya vipimo, ukakaa nyuma ya mlango hadi njia zilipofunguliwa Julai. Kibali tulihangaikia, lakini gari la kukodi lilitushinda bei. Tulipofika, foleni ilikuwa imerundikana, akaanza mionzi tarehe 9 Septemba. Ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwenye kibofu. Alifariki Machi 2021.

Korona hakuugua hata siku moja. Kwa hiyo zile hesabu za kila jioni kwenye runinga hazikuwahi kumgusa, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Wenzangu mlipitia nini?

NesiWaTemeke:
Pole sana mdogo wangu, Mungu amrehemu mama. Huku Tanzania njia hazikufungwa, ila watu waliogopa hospitali. Mwaka 2021 nilimpokea mama mmoja, titi limeshapasuka, kanga imelowa usaha. Uvimbe aliuona tangu Ramadhani ya 2020, ukiwa kama punje ya hindi. Akaniambia, "Mwanangu, niliogopa kuja kuichukua Korona kwenu." Sikumlaumu. Hata sisi wauguzi tulikuwa tukiogopa.

Mwanakampala:
Mzee wangu alikuwa kwenye kemo, kila baada ya wiki tatu. Machi 2020 matatu zikasimamishwa, boda ikakatazwa kupakia abiria, kisha magari binafsi nayo. Alikosa dozi mbili. Ya tatu nilimpeleka kwa baiskeli, tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, akitapika njia nzima wakati wa kurudi. Yuko hai, namshukuru Mungu.

MpwaWaLeicester:
Poleni nyote. Hapa Uingereza uchunguzi wa matiti na utumbo kwa watu wasio na dalili ulisimama kuanzia Machi 2020, na wengi waligundulika wamechelewa. Jarida la BMJ lilichapisha utafiti Novemba mwaka huo: kila wiki 4 za kuchelewa upasuaji wa saratani, hatari ya kufa hupanda kwa asilimia 6 hadi 8. Madaktari wanasema vifo hivyo huja polepole, mwaka wa pili, wa tatu, wa tano, wakati watu wameshavua barakoa.

BintiLikoni:
Ahsanteni. Nimechukua kalenda nikahesabu, tangu tarehe aliyopewa mama hadi siku aliyopigwa mionzi. Wiki 21. Mwanakampala, nisalimie mzee.