Vinyama vya utumbo mpana: vikishakatwa, basi?

Mpemba wa Wete: Asalaam aleykum. Ami yangu, miaka 58, alikuwa akitoka damu chooni, sote tukasema bawasiri. Kapimwa kwa kamera Unguja, vikaonekana vinyama viwili, kimoja cha milimita 12. Vimekatwa papo hapo. Yeye keshaanza kudai pweza! Majibu ya maabara bado. Ndiyo saratani?

Bi Michenzani: Waaleykum salaam. Si lazima, mwanangu. Vingi havigeuki. Aina ya adenoma ndiyo ya kuiogopa, nayo huchukua miaka kugeuka saratani, mara nyingi hata 10, ndiyo maana hukatwa mapema. Hupitishwa kitanzi cha waya kwenye bomba lile lile la kamera, tumbo halipasuliwi. Mie nilipopimwa, kilichonitoa jasho ni ile dawa ya kuharisha ya kusafisha tumbo kabla ya kipimo, usiku kucha, si kukatwa. Majibu yafuateni wenyewe, wazee wetu mnawajua. Adenoma ikifika milimita 10, kwa kawaida hurudi kupimwa baada ya miaka 3.

Mpemba wa Wete: Na wanawe?

Bi Michenzani: Ikiwa ni adenoma kubwa hiyo, wao na ndugu zake wamwambie daktari, wengi huanza kupimwa na miaka 40. Na akitoka damu nyingi wiki hizi mbili, hospitali usiku huo huo.

Mvuvi_Mkoani: Sigara je, anavuta? Aache.