Mpangaji anahama na ukuta una ukungu. Nimkate amana?

Mrithi wa Nyumba Tatu aliuliza:

Habari zenu ndugu. Nina nyumba yenye sehemu tatu za kupangisha, aliniachia marehemu baba, na hii ni mara yangu ya kwanza kuagana na mpangaji. Ni mama mmoja na watoto wake wawili, wamekaa miaka mitatu na miezi miwili. Kodi hakuwahi kuchelewesha zaidi ya siku nne. Jumamosi ijayo anakabidhi funguo.

Juzi nilipita kukagua. Chumba cha nyuma, kwenye kona alipoweka kabati, ukuta una ukungu kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno. Rangi imevimba, ukiigusa inabanduka. Mlango wa bafuni umechubuka chini, swichi moja imepasuka, na sebuleni kuna matundu manane ya misumari. Fundi rangi amenipigia hesabu ya chumba na sebule nzima, na jumla yake inakaribia kumaliza amana yote.

Mpangaji anasema habari ya ukuta alishanipa. Ni kweli, mwaka jana alinigusia kwa simu kwamba chumba cha nyuma kina unyevu, nikamwambia awe anafungua madirisha. Hakuna mahali tulipoandika. Mimi naona chanzo ni kabati lililobanwa ukutani na nguo anazoanika ndani. Siku anaingia hatukuandikiana hali ya nyumba, na picha sina.

Je, nina haki ya kumkata? Kiasi gani? Sitaki kubeba hasara isiyo yangu, ila pia sitaki kumdhulumu mtu aliyenilipa miaka yote hiyo bila usumbufu.

Mzee wa Funguo alijibu:

Kata. Amana iliwekwa kwa ajili hiyo. Yeye ndiye aliyeishi humo ndani, ukungu haukuja wakati chumba kiko wazi. Ukimwachia huyu, atakayefuata atasikia na yeye atakuachia magofu. Chukua makadirio ya fundi, mwonyeshe, mmalizane.

Mama Vyumba Sita alijibu:

Mdogo wangu, usikate chochote mpaka ujue maji yanatoka wapi. Nakuambia hivi kwa sababu niliwahi kukata kabla ya kujua.

Nilikuwa na mpangaji kijana, fundi cherehani. Alipohama nikakuta doa kubwa ukutani, nikasema ni mvuke wa pasi yake, nikamkata nusu ya amana. Hakubishana, alichukua kilichobaki akaondoka. Nikapaka rangi. Chumba kikakaa wiki tano bila mtu, na doa likarudi palepale. Safari hii hamkuwa na pasi, wala kabati, wala mtu wa kulaumiwa. Fundi bomba alipobomoa plasta akakuta kiungo cha bomba liendalo kwenye sinki la chumba cha pili kinavuja tone moja moja. Mchanga na simenti ya nyuma yake vilikuwa vimelainika, nikavichokoa kwa kidole. Nilimtafuta yule kijana nikamrudishia fedha yake. Alihesabu mbele yangu, akasema, "Mama, si nilikuambia?" Alikuwa ameniambia kweli, mara mbili.

Sasa fanya hivi kabla ya Jumamosi. Mwombe mpangaji ruhusa kwanza, bado ni kwake.

Anza na mita ya maji. Fungeni koki zote za nyumba, hakikisha hakuna anayevuta choo, andika namba zote za mita pamoja na zile nyekundu za mwisho. Subiri saa mbili, usome tena. Namba zikisogea, maji yanapita mahali. Funga koki kuu ya kuingilia ndani ya nyumba urudie: zikiendelea kusogea, tatizo liko kwenye bomba la nje kati ya mita na nyumba, zikisimama liko ndani. Kabla hujaita mtu wa kubomoa, tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo, kaa nusu saa bila kuvuta. Ukiona rangi imeshuka kwenye bakuli, ni mpira wa tangi umechoka, na huo hauhusiani na ukuta wako.

Halafu ukuta wenyewe. Sogeza kabati, futa sehemu moja ikauke juujuu, ubandike kipande cha nailoni safi ukubwa wa daftari, pande zote nne kwa gundi ya utepe, pasipitishe hewa. Kiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa nje wa nailoni, unaotazama chumba, unyevu ni wa hewa ya ndani, yaani mvuke wa kupika, kuoga, nguo mbichi na pumzi za watu. Matone yakiwa upande wa ndani, unaogusana na ukuta, basi ukuta ndio unaotoa maji.

Tazama na umbo la doa. Ukungu wa mvuke hupenda kona za juu, pembeni mwa madirisha na nyuma ya vitu vilivyobanwa, huja kama vitone vyeusi. Maji ya paa huonekana baada ya mvua na huanzia juu. Yanayopanda kutoka ardhini huanzia sakafuni, mara chache hupita mita moja, na juu yake huacha mstari wenye unga mweupe wa chumvi. Wewe umesema sakafuni hadi kiunoni na rangi imevimba. Hapo ndipo ninapopata wasiwasi kwamba unataka kumlipisha mtu asiyehusika.

Kuhusu mengine: matundu manane ya misumari kwa miaka mitatu ni uchakavu wa kuishi, zibeni mwendelee. Mlango kuchubuka chini bafuni, nao ni maji ya kila siku. Swichi iliyopasuka, kama haikuwa imepasuka alipoingia na mwenyewe anakiri, mdai swichi moja na ufundi wake, basi. Ila iondoe haraka, swichi iliyopasuka inaua.

Na hata pale mpangaji anapokuwa ameharibu rangi kweli, humlipishi rangi mpya yote. Kama rangi yako kwa kawaida hudumu miaka mitano na yeye amekaa mitatu, thamani iliyobaki ni sehemu mbili kati ya tano, na hiyo ndiyo unayoweza kuidai bila kuona haya. Akilipa yote, atakuwa amekununulia rangi ambayo ungeinunua mwenyewe.

Nimeandika kwa urefu kwa sababu watu wengi humu wanaichukulia amana kama mapato yaliyochelewa. Ni mali ya mpangaji iliyo mikononi mwako. Mzee wa Funguo, nakuheshimu, lakini hapa tumepishana.

Mpangaji Tu alijibu:

Niruhusuni niseme kwa upande wetu. Mimi nimehama nyumba nne. Tukisema jambo kwa mdomo na jibu likawa "fungua madirisha", mara nyingi haturudii kusema, tunaogopa kuonekana wasumbufu na kupandishiwa kodi. Siku hizi kila kitu natuma kwa ujumbe wa simu wenye picha, hata bomba likilia. Huyo mama alisema mwaka jana. Mngekwenda kuangalia siku ile, huenda ukuta ungeokolewa kwa nusu siku ya kazi.

Mrithi wa Nyumba Tatu aliandika tena, siku nne baadaye:

Ndugu zangu, nimefanya yote. Mita haikusogea kabisa kwa saa mbili, na mpangaji mwenyewe alisimama nami tukaisoma pamoja. Nailoni tuliibandua asubuhi ya siku ya tatu: upande wa chumba mkavu, upande wa ukuta umelowa hadi matone yanateremka. Na ule mstari wa chumvi upo, sikuwa nimeuona kwa sababu ya kabati.

Nikazunguka nje. Nyuma ya ukuta ule ndipo nilipojenga tuta la maua miaka miwili iliyopita. Nilirundika udongo nikauegemeza ukutani, na kila jioni unamwagiliwa. Nilichukua kijiti nikapima: udongo umepita usawa wa sakafu ya ndani kwa karibu shibiri moja. Mpangaji alikuwa kimya muda wote, mwishowe akasema unyevu ulianza miezi michache baada ya yale maua. Nimemwomba radhi. Swichi anasema aliipasua mwanawe kwa mpira na yuko tayari kulipa.

Sasa nisaidieni, mpangaji mwingine anataka kuingia wiki ijayo. Nikikwangua nikapaka rangi ya kuzuia maji itatosha?

Mama Vyumba Sita alijibu:

Haitatosha. Rangi ya kuzuia maji kwenye ukuta uliolowa hufungia maji ndani, yatatafuta njia pengine au yataisukuma rangi ibanduke upya. Ondoa tuta lote kwanza. Udongo wa nje ushuke angalau sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani, na ardhi iteremke kuelekea mbali na nyumba ili mvua isirudi ukutani. Maua yahamie kwenye vyungu.

Ndani, bandua plasta iliyolowa ukivuka mstari wa chumvi kwa kiasi cha shibiri mbili, maana chumvi iliyobaki huvuta unyevu hata chanzo kikishaondoka. Vaa barakoa unapokwangua ule ukungu, na watoto wasiwepo. Kisha uache ukuta upumue. Ukuta hukauka kwa miezi, wiki moja ni ndogo mno. Rudia jaribio la nailoni kila baada ya wiki chache, ukiona kavu pande zote mbili ndipo upige plasta.

Mpangaji mpya mweleze ukweli. Kama anaweza kutumia vyumba vingine, mpunguzie kodi kwa muda ambao kile cha nyuma hakitumiki, na mliandike hilo kwenye mkataba pamoja na tarehe ya kukimaliza. Kama hawezi, mwache apate kwingine. Mtu akiingia gizani leo, mwakani utakuwa hapa tena na swali lilelile.

Siku ya kukabidhiana, ingieni chumba kwa chumba wote wawili. Piga picha ya kila ukuta, chini ya kila sinki, na mita ikionyesha namba. Jaribuni kila swichi, kila kitasa, kila koki. Andikeni hata mikwaruzo, kila mmoja atie sahihi, kila mmoja abaki na nakala. Mimi huchukua dakika arobaini kwa nyumba ya vyumba viwili. Na mwambie kabisa: taarifa ya matengenezo itumwe kwa maandishi, na wewe ujiwekee siku za kufika kuona kwa macho yako.

Kwa mama anayehama, mpe karatasi yenye kiasi cha amana aliyoweka, gharama ya swichi ikiwa na risiti, na kinachobaki, umkabidhi palepale anapokupa funguo. Asingojeshwe, anahitaji fedha hiyo kuwekea amana kule anakokwenda.

Mrithi wa Nyumba Tatu alijibu:

Nimemrudishia leo mchana, imepungua swichi tu. Ametia sahihi, ameniachia na namba yake mpya. Tuta nimeanza kulichimba jioni hii, nimefika nusu. Udongo uliogusa ukuta umelowa tiki, na tangu juzi sijamwagilia.