Tupeane uzoefu: Duka ulishalifunga, deni la kodi likabaki na jina lako

Mleta mada, Morogoro:
Ndugu wadau, naomba tukusanye hapa visa vyetu wenyewe, kwani naona wengi wetu tunaamini kwamba ukishashusha kibao na kukabidhi fremu, mambo ya kodi nayo yamekwisha. Naanza na changu.

Nilikuwa na duka la vitambaa, nikikadiriwa kodi ya shilingi 318,000 kwa mwaka, yaani 79,500 kila robo. Oktoba 2016, mauzo yalipodorora, nilirudisha funguo kwa mwenye fremu na kuiacha leseni iishe muda wake, wala sikuiandikia ofisi ya kodi barua yoyote, kwa kuwa nilidhani leseni ya halmashauri na namba ya mlipakodi (TIN) ni kitu kimoja. Mwaka 2021, nilipotaka kuhamisha umiliki wa pikipiki, karani alinigeuzia kioo cha kompyuta: nilikuwa nadaiwa robo ya tatu ya 2016, makadirio yote ya 2017 na 2018, na riba juu yake. Duka lilikuwa limekufa lakini TIN ilikuwa hai, kwa sababu ni ya mtu, si ya fremu.

Kilichoniokoa ni daftari la mwenye fremu, lenye saini yangu na tarehe ya kukabidhi funguo, ambalo mzee yule alikuwa amelihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni juu ya kabati. Niliambatanisha nakala yake na barua ya mtendaji wa mtaa, na baada ya miezi mitatu ya nenda rudi makadirio ya 2017 na 2018 yakafutwa. Zile 79,500 na riba yake nililipa, na sidai kwamba nilionewa, maana miezi hiyo nilikuwa nauza.

Mchangiaji, Tanga:
Baba yetu alituachia mashine ya kusaga pamoja na deni la kodi. Kaka zangu walitaka tunyamaze, wakisema marehemu hadaiwi. Mimi, niliyekuwa msimamizi wa mirathi, nilielezwa kwamba deni hulipwa kutoka katika mali ya marehemu kabla warithi hawajagawana, si kutoka katika mishahara yetu. Tuliuza mota, tukalipa, ndipo tukagawana.

Mchangiaji, Arusha:
Kosa letu ni la aina nyingine. Kampuni yetu ya kupokea watalii ilisimama Machi 2020, na kwa kuwa hapakuwa na kipato tuliona hakuna haja ya kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato kwa ofisi ya kodi. Kumbe adhabu ya ritani haiangalii kama umeuza: kwa kampuni ilikuwa si chini ya shilingi 225,000 kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi. Mkurugenzi mwenzangu alijiona salama kwa kuwa deni ni la kampuni, mpaka wakili alipotusomea Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015, ambayo inaruhusu wasimamizi nao kubebeshwa deni ambalo kampuni imeshindwa kulipa. Pingamizi dhidi ya tathmini, yaani hesabu ya kodi ambayo ofisi inakudai, huwekwa ndani ya siku 30 tangu uipokee. Sisi bahasha yenye tathmini yetu tuliifungua siku ya 41. Muda wote huo ilikuwa imelala kwa mlinzi wa jengo tulilokwisha kuhama, na jina la mlinzi huyo lilikuwa limeandikwa kwenye kitabu cha kupokelea barua.