Baba anayelea peke yake: anachekesha au anachekwa?

Fundi wa Kaptembwa, Nakuru

Kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumapili, naomba tulijadili. Binti wa jirani, yuko kidato cha tatu, alinijia na simu mkononi akaniambia, "Fundi, huyu ni wewe kabisa." Ni kichekesho cha Netflix kinachoitwa Dad Stop Embarrassing Me! Jamie Foxx anaigiza Brian Dixon, mwenye kampuni ya vipodozi kule Atlanta, hana mke. Mama wa binti yake anafariki, na huyo binti, Sasha, ambaye tayari ni msichana mkubwa, anahamia kwa baba. Hapo ndipo baba anagundua kwamba kuuza vipodozi ni jambo moja na kulea ni lingine. Kilitoka tarehe 14 Aprili 2021, sehemu nane tu. Kufika Juni mwaka huo huo ikajulikana kwamba hakuna msimu wa pili.

Nilizitazama zote nane. Nilicheka, sitadanganya. Lakini nilipozima simu nilibaki na kinyongo.

Vichekesho vya aina hii humcheka baba kwa sababu hajui. Hajui kusuka, hajui kununua sodo, hajui amwambie nini binti aliyeanza kuandikiwa barua na wavulana. Mimi kusuka nilijifunza kwa mwezi mmoja, na matuta yangu yamenyooka kuliko ya saluni nyingi za hapa mtaani. Kupika nilijua kabla sijaota ndevu. Kitu ambacho sijakiweza mpaka leo ni saa. Mtoto wangu yuko Gredi ya 3, wanaachiliwa saa tisa na nusu. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mteja wa geti huja jioni akitoka kazini kwake, kwa hivyo siwezi kufunga kabla ya saa kumi na mbili. Hayo masaa mawili na nusu mtoto ni wa nani? Kwa sasa anakaa na mama mmoja anayekaanga mandazi karibu na lango la shule. Mvua ikinyesha, moyo wangu unakuwa kule huku mkono ukishika chuma cha moto. Brian Dixon ni tajiri wa kampuni yake mwenyewe, na nyumbani yuko babu (anaigizwa na David Alan Grier) na shangazi pia yuko. Peke yake kwa namna gani?

Sasa nasikia watu wakisema vituo vyetu vya televisheni hapa Kenya navyo vituletee baba wa namna hiyo, akiongea Kiswahili. Kanuni za utangazaji zinataka asilimia 40 ya vipindi iwe ya nyumbani, kwa hivyo nafasi ipo. Mimi napinga. Kama ni baba wa kuchekwa kwa sababu ameunguza uji, tumetosheka. Nyinyi mnasemaje?

Mama Watatu, Kondele

Fundi, pole na kazi. Nimekusoma mpaka mwisho, na matuta nitayaamini nikiyaona.

Lakini ngoja nikuulize. Mimi ninao watatu, nauza omena Kibuye, na hayo masaa yako mawili na nusu mimi nimeishi nayo miaka kumi na moja. Ni nani aliniandikia kipindi? Mwanamume akipita na mtoto mgongoni mtaa mzima unasimama kutazama, wengine wanapiga picha. Nikipita mimi na mtoto mgongoni naulizwa omena ni pesa ngapi. Ukiunguza uji unachekwa halafu unapewa pongezi kwa kujaribu. Nikiunguza mimi ni mvivu. Kwa hivyo hicho kicheko mnacholalamikia kina asali ndani, ila nyinyi mmeonja maganda peke yake.

Ninyi mnataka mchekwe vizuri. Sisi hata kuchekwa hatujafika.

Halafu, usikasirike: mama mtoto yuko wapi?

Kijana wa Nyalenda

Mama Watatu hapo umefunga kesi, hakimu aende nyumbani.

Mimi nasema kiletwe, lakini kiletwe kwa televisheni ya bure. Hizo sehemu nane fundi amezitazama na bando ya nani?

Mwalimu, Lurambi

Niongeze la kwangu, maana mzaha huu unafika darasani. Kifungu cha 53 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa mtoto haki ya malezi na ulinzi wa wazazi, na kinasema wajibu huo ni sawa kwa mama na baba, wawe wameoana au hawajaoana. Hiyo ni Katiba. Rudi kwenye Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 29: mama aliyeajiriwa anapata likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye mshahara kamili, baba anapata wiki mbili. Usawa umeandikwa mlangoni, ndani vyumba vimegawanywa vingine. Na fundi wa jua kali hana hata hizo wiki mbili, kwa sababu mwajiri wake ni yeye mwenyewe.

Nimefundisha miaka ishirini na mbili. Katika mikutano ya wazazi nimesikia mwenyekiti akifungua kwa "karibuni akina mama" na kwenye viti vya nyuma wako akina baba wanne. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini mmoja wa hao wanne hakurudi muhula uliofuata, alimtuma nyanya wa mtoto. Ndiyo maana siwezi kuungana na wanaosema kichekesho ni kichekesho tu. Watu wa huku magharibi mwa Kenya tunajua. Kichekesho chetu cha televisheni, Papa Shirandula, kilidumu hewani zaidi ya miaka kumi, na marehemu Charles Bukeko aliyemwigiza Papa tulimpenda kama ndugu, lakini ni watoto wangapi kutoka Busia na Kakamega walifika shule za mabweni mbali na kwao wakaambiwa waongee ili wenzao wacheke lafudhi kama ya Papa? Nilimpenda na bado nasema hivyo.

Ila sikubaliani na fundi kwamba dawa ni kukataa. Papa alikuwa mlinzi aliyemficha mkewe Wilbroda kazi yake, akijifanya mtu wa ofisi. Pale kicheko kilipogusa aibu ya kazi, kiligusa kitu cha kweli, na ndiyo maana walinzi wenyewe walikuwa watazamaji wake wakubwa mitaani kwetu.

Mtazamaji wa Milimani, Kisumu

Mnaongea sheria na maisha, hakuna aliyeuliza kama hicho kipindi kinachekesha. Mimi nilikitazama. Foxx ni mtu hodari, lakini humo ndani anaigiza baba na juu yake wahusika wengine kadhaa, mavazi yanabadilika, sauti zinabadilika. Unafika mahali unajiuliza binti ataongea saa ngapi. Kipindi kinachoitwa "baba acha kuniaibisha" kinapaswa kumwacha anayeaibishwa atoe pumzi. Kwangu mimi udhaifu wake uko hapo, wala si kwamba mhusika ni baba asiye na mke au tajiri.

Na si cha kwanza. Bob Saget alifanya Full House kuanzia 1987 hadi 1995, mjane mwenye mabinti watatu, nyumba imejaa watu wa kumsaidia. Watu wakakipenda. Mwaka 2001 akarudi na Raising Dad, mjane tena, safari hii mwalimu mwenye mabinti wawili, anafundisha shule ile ile anayosoma mkubwa. Msimu mmoja, sehemu 22, basi, 2002 kikaisha. Mtu yule yule, ujane ule ule. Mmoja wa wale mabinti alikuwa Brie Larson, ambaye baadaye alishinda Oscar. Kwa hivyo wenye kipaji walikuwemo na bado kikafa. Televisheni haina huruma na mzazi wa aina yoyote.

Kuhusu hoja ya fundi ya saa: ni hoja nzuri ya maisha, ni hoja mbaya ya kamera. Utaonyesha nini? Mtu anatazama ukutani?

Fundi wa Kaptembwa, Nakuru

Utaonyesha geti limeshikiliwa na waya mmoja, mteja amesimama na pesa mkononi, na simu inaita kutoka shuleni. Kama hapo hujapata kichekesho, ndugu, rudisha pesa za bando.

Binti wa baba, Webuye

Nimekuwa nikisoma kimya. Nililelewa na baba peke yake kuanzia nikiwa na miaka saba, sasa nina ishirini na sita. Nyote hapa mnaongea kama wazazi. Hata jina la kipindi mmelipita. Anayesema "baba acha" ni nani? Ni mtoto. Foxx alikitoa kwenye maisha yake na bintiye Corinne, na Corinne mwenyewe alikuwa mmoja wa watayarishaji wakuu. Yaani aliyeaibishwa alishika mpini. Kama hawakufaulu ni mambo mengine, lakini mwanzo wake ulikuwa sawa.

Niwaambie aibu ya kwangu. Baba hakuwa mtu wa kutojua. Shida yake ilikuwa kujua mno. Alikuwa kwa zamu za usiku, kwa hivyo mchana alikuwa na nafasi yote ya kuniaibisha. Nilipopata hedhi mara ya kwanza alienda duka la karibu kuninunulia sodo, halafu akabishana bei. Kwa sauti. Akauliza zipi ndizo zinazodumu, kama mtu anayenunua betri. Muuza duka alikuwa kaka ya mwanafunzi mwenzangu. Wiki nzima nilitembea nikitazama ardhi.

Siku ya wazazi kutembelea shule alikuja na kikapu na kitambaa juu, kuku ndani, na karatasi. Ile karatasi alikuwa ameandika maswali ya kumuuliza kila mwalimu, kwa nambari, akayauliza yote, wazazi wengine wakisubiri nyuma yake juani. Mwalimu wa Hesabu bado anamkumbuka.

Fundi, mtoto wako wa Gredi ya 3 bado anakuona wewe ndiye dunia. Subiri miaka mitano. Hataona masaa mawili na nusu. Ataona jinsi unavyofika langoni na miwani ya kuchomelea kichwani ukiita jina lake lile la nyumbani. Na siku moja atasimulia, na watu watacheka, na hutakuwa umedharauliwa hata kidogo.

Mwalimu, hata yule baba aliyemtuma nyanya, mimi ningependa kumsikia mtoto wake akieleza hiyo siku.

Kijana wa Nyalenda

"Zipi zinazodumu." Nimeshindwa kunywa chai.

Mwalimu, Lurambi

Binti, umenirekebisha, nimekubali. Isipokuwa moja: wewe umesimulia ukiwa na miaka ishirini na sita, na umemsimulia mbele ya watu wasiomjua. Mtoto wa miaka kumi na tatu ambaye kesho ataigizwa babake darasani na wenzake hana hiyo nafasi. Kipindi kikiwa cha Atlanta, kinabaki Atlanta. Kikiwa cha Kiswahili kinaingia bwenini.

Fundi wa Kaptembwa, Nakuru

Binti wa Webuye, umenipiga mahali pasipo na kinga. Hiyo miwani huwa nasahau kweli kuivua.

Mama Watatu, uliuliza na sikujibu, nikajifanya sijaona. Kliniki moja pia waliniuliza vivyo hivyo nilipompeleka mtoto akiwa na homa, nikakasirika, muuguzi akanyamaza akaandika. Wewe umeuliza kwa wema, nakujibu. Mama yake yuko Saudia, kazi ya nyumbani, huu ni mwaka wa nne. Anatunza watoto wa watu wengine ili huyu wetu asome. Anapiga simu Ijumaa.

Mama Watatu, Kondele

Sasa fundi! Hilo ulilificha kwenye boneti. Huyo mtoto ana wazazi wawili, mmoja yuko ndani ya simu. Karo inatoka wapi?

Fundi wa Kaptembwa, Nakuru

Nusu kwangu, nusu kwake. Muhula mwingine zaidi kwake, wateja wakiwa wachache.

Mama Watatu, Kondele

Basi "peke yake" hilo jina tulikupa bure. Sikuchukii, nakuhesabia tu. Na sikatai kwamba wewe ndiye unayeamka usiku mtoto akikohoa. Hiyo ndiyo kazi, najua ilivyo. Lakini kama mtu atatengeneza hicho kipindi, aweke na yule mwanamke kule Saudia akimsuka mtoto wa tajiri, huku wewe unamsuka wake. Hapo mimi nitatazama. Nitanunua hata hiyo bando.

Na huyu mama wa mandazi. Unamlipa?

Fundi wa Kaptembwa, Nakuru

Amekataa pesa. Mara ya kwanza nilimpa mia mbili akanirudishia na mandazi mbili juu. Nikamtengenezea jiko jipya la chuma. Nikamwekea na paa la mabati ili mvua isimnyeshee.

Mama Watatu, Kondele

Isimnyeshee yeye au mtoto wako?

Fundi wa Kaptembwa, Nakuru

Wote wawili, mama. Kuwa na huruma.

Mtazamaji wa Milimani, Kisumu

Narudisha maneno yangu ya ukutani. Tayari kuna watu watatu na paa moja, hicho ni kipindi. Kamera ikae kwa mama wa mandazi, baba afike mwisho wa kila sehemu, amechelewa, na miwani kichwani.

Mama Watatu, Kondele

Naye aitwe nani huyo mama? Msimwite "mama wa mandazi" sehemu zote nane.

Fundi wa Kaptembwa, Nakuru

Nitamuuliza kesho. Miaka miwili nimekuwa nikimwita "mama" tu.

Mama Watatu, Kondele

Miaka miwili!